MALEZI YA WATOTO WAWILI NA MAJI YA KUNYWA
(Maneno yaliyosomwa na mume na mke, wote wawili wanachama, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru, Februari 2025)



Mwezi wa Desemba Kamati ilituandikia barua ikitutaka tuseme mbele yenu habari za malezi ya watoto wadogo katika mji huu, kwa kuwa sisi ni miongoni mwa wanachama wachache ambao bado wana watoto wa kubebwa mgongoni. Twaishukuru Kamati kwa heshima hiyo. Sisi si madaktari wala si walimu. Mmoja wetu hushika vitabu vya hesabu katika duka la mbegu, na mwingine ni fundi wa umeme. Maneno haya tumeyaandika pamoja, usiku, watoto walipokwisha kulala, na kila neno ambalo hatukukubaliana tumeliacha nje. Kwa sababu hiyo mtatusikia tukisema "sisi" tangu mwanzo hata mwisho.

Watoto wetu ni wawili. Wa kwanza ni msichana, aliyezaliwa Novemba 2020. Wa pili ni mvulana, aliyezaliwa Julai 2023. Mwaka tutakaousimulia ni ule wa 2024, ambao mvulana aliuanza akiwa na miezi sita, hana hata jino moja, na dada yake akiuanza kwa kuingia chekechea. Tungaliweza kusema mengi: usingizi uliokatika, homa za usiku, wivu wa mkubwa kwa mdogo, na fedha zisizotosha. Lakini kila tulipoketi kuandika tuliona kwamba mambo yote yanarudi kwenye ndoo ya maji. Basi mtatuwia radhi tukisema zaidi juu ya maji.

Mmoja wetu alizaliwa upande wa Bahati, hapa hapa kwetu. Mwingine alizaliwa Kakamega, akaja Nakuru akiwa mtu mzima. Tukisimama mbele ya kioo kimoja tofauti huonekana mara moja. Meno ya yule wa Kakamega ni meupe, na ya yule wa Bahati yana rangi ya kahawia, yenye mistari na vishimo vidogo. Wote wawili tulipiga mswaki tangu utotoni, na huenda yule wa Bahati alipiga zaidi, maana alidhani kwamba ataweza kuifuta ile rangi. Wazee wetu mnaijua rangi hiyo. Wengi katika chumba hiki wanayo, na tukienda Nairobi au Mombasa watu hututambua kwayo kabla hatujasema tunakotoka. Watu wazima huzoea, wakafanya utani. Lakini tazameni picha za arusi katika nyumba zetu, mhesabu ni mabibi-arusi wangapi waliofunga midomo wakati wa kucheka.

Jambo la kwanza tulilotaka kulijua, kabla mtoto wetu wa pili hajaonja uji, ni hili: rangi hiyo yatoka wapi? Wako wasemao ni ya kurithiwa, kama kimo au umbo la pua. Lau ingekuwa hivyo, ndugu wa Bahati waliohamia nchi nyingine wangezaa watoto wenye meno ya kahawia huko, nao hawazai. Wako wasemao ni uchafu, na hao wamewatukana watoto wengi bila haki. Sababu yenyewe ni madini yaitwayo floraidi, yaliyomo katika maji. Bonde letu la Ufa limejaa mawe na majivu ya volkano, ya Menengai, ya Longonot na ya milima mingine iliyolipuka zamani. Maji yanapopenya polepole katika mawe hayo huyeyusha floraidi na kuichukua. Kwa hiyo maji ya visima virefu aghalabu huwa nayo nyingi kuliko maji ya mito iteremkayo kutoka Mau, ambayo hayakukaa muda mrefu ndani ya mawe. Madaktari wa Kenya walikwisha kuandika habari za ugonjwa huu wa meno tangu miaka ya 1950. Wala si sisi peke yetu: wenzetu wa Arusha na Meru katika Tanzania wana meno kama yetu, na huko Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichowekwa kwa ajili ya kuchunguza namna ya kuiondoa floraidi katika maji.

Shirika la Afya Ulimwenguni limesema tangu mwaka 1984 kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi, na kiwango cha Kenya ni hicho hicho. Tulichukua chupa ya maji ya kisima cha ploti tunayokaa tukaipeleka maabara. Jibu lilikuwa miligramu 4.1. Maji hayo ni maangavu, baridi, matamu. Hayana harufu wala rangi. Mgeni akiyanywa atayasifu.

Sasa twaomba wazee mtege sikio hapa, maana ndipo penye kiini cha jambo. Floraidi haiyaharibu meno yaliyokwisha kuota. Huyaharibu meno yanayofanyizwa ndani ya ufizi, wakati ganda gumu la nje la jino linapojengwa. Na meno ya mbele ya ukubwani, yale ambayo mtu hucheka nayo maisha yake yote, huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi michache tu. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi kwa meno hayo, na kwa meno ya nyuma hatari huendelea mpaka mtoto afikie miaka minane hivi. Meno ya utoto, kwa kuwa sehemu yake kubwa hujengwa tumboni mwa mama na katika miezi ya kwanza, mara nyingi hutoka meupe. Basi mzazi hutazama kinywa cha mtoto wa miaka miwili, akaona meno kama maziwa, akasema, "Mwanangu ameokoka." Miaka mitano baadaye meno hayo hung'oka, na yale yaliyokuwa yamejificha yakatokea na rangi yake. Kilichonyewa mwaka wa kwanza huonekana mwaka wa saba, na wakati huo hakuna dawa ya kukirudisha nyuma.

Ndiyo sababu mwezi wa Januari 2024 ulitutia wasiwasi. Kwa miezi sita mvulana alikuwa amenyonya tu, bila maji wala uji, kama walivyotufundisha wauguzi wa kliniki. Na hapa pana ajabu ya Mungu ambayo hatukuijua zamani: mama anywaye maji yenye floraidi nyingi haipitishi katika maziwa yake ila kidogo mno. Titi lilikuwa limemkinga mtoto huyu nusu mwaka mzima. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo yenye mshahara. Miezi mitatu iliyobaki mama huyu aliikamilisha kwa kukamua maziwa alfajiri na kuyaacha katika kikombe chenye kifuniko, na kwa huruma ya mwajiri aliyemruhusu kuja nyumbani saa ya chakula cha mchana. (Baba naye hupewa wiki mbili na sheria hiyo hiyo. Wazee wengine walishangaa kumkuta baba akianika nepi uani. Hawakusema kitu, ila walikohoa.)

Basi siku ya uji ilipowadia, swali likawa: uji huu upikwe kwa maji gani?

Tulifanya hesabu. Jamaa yetu ni watu sita, pamoja na yaya na ndugu mmoja asomaye chuo. Maji ya kuoga, kufulia na kusafishia nyumba hayana neno. Floraidi haipiti katika ngozi ikadhuru meno. Yanayohitaji kuwa safi ni ya kunywa na ya kupikia tu, nayo tulipoyapima kwa muda wa wiki moja hayakuzidi mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 7,300. Tukageukia mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji, na maji ya mvua hayana floraidi ya kutajwa. Nakuru hupata milimita 900 na zaidi kwa mwaka, na bati letu ni kama meta 40 za mraba. Mwaka mzima, hata tukitoa yale yanayomwagika na kukauka, paa dogo la nyumba ya kupanga humwaga chini mara nne ya maji tuliyohitaji! Taabu ni kwamba humwagwa kwa miezi michache, kisha jua huwaka. Kwa hiyo mvua haikuwa shida yetu kamwe. Shida ilikuwa chombo cha kuiwekea.

Tulimwendea mwenye nyumba tukamwomba ruhusa ya kufunga mifereji ya paa. Alikubali, kwa sharti kwamba tukihama mifereji ibaki kuwa mali yake. Tulinunua tangi la lita 2,300, ambalo lilikula nusu ya mshahara wa mwezi mmoja wa mmoja wetu, na fundi wa umeme akageuka fundi wa mabati kwa Jumapili mbili. Mpaka mvua zije, tulinunua maji ya mto kwa mtungi kutoka kwa mchuuzi mmoja wa mkokoteni. Wakati huo huo yaya alipata kazi mpya ya kutofautisha. Tulipaka rangi nyekundu mitungi ya maji ya kisima, na mitungi ya kupikia tukaiacha kama ilivyo. Yaya ni msichana mwerevu, naye alituuliza swali ambalo watu wengi huuliza: "Je, nikiyachemsha ya kisima hayafai?" Hayafai. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi si kidudu, haifi. Na kwa kuwa mvuke huondoka na floraidi hubaki, maji yakichemka sana hubakiwa na madini mengi zaidi katika kila kikombe. Yaya alifikiri kidogo akasema, "Basi ni kama chumvi katika mchuzi uliokauka." Hatujasikia mwalimu aliyeeleza vizuri zaidi.

Mvua za masika za mwaka 2024 zilikuja kama mnavyozikumbuka. Tangi letu lilijaa kwa siku chache likafurika. Lakini hatuwezi kusema habari ya tangi kujaa bila kukumbuka usiku ule wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yaliposhuka kwa ghafula kutoka upande wa Kijabe yakaikumba Mai Mahiu, katika kaunti hii hii yetu, yakaua watu zaidi ya 40, na miongoni mwao watoto waliokuwa wamelala. Chama chetu kilichanga nguo na unga, na wako hapa wanachama waliokwenda huko kwa miguu yao. Shule zilikuwa zifunguliwe siku hiyo hiyo. Zikaahirishwa, zikaahirishwa tena, hata zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Watoto wote wawili walikuwa ndani ya vyumba viwili, mvua nje, matope mlangoni, na nguo zisizokauka.

Katikati ya Mei mvulana aliharisha siku tatu. Jirani mmoja alisema upesi kwamba ni yale maji yetu ya mabati. Huenda, na huenda sivyo, kwani mtoto wa miezi kumi atambaaye hutia kinywani kila akionacho. Maji ya mvua ni kweli hayana floraidi, lakini ndege hukaa juu ya paa, na vumbi la kiangazi hulala huko. Sisi tulikuwa tukiyaacha maji ya mvua ya kwanza yapite nje ya tangi, na tukiyachemsha ya kunywa. Nayo ndiyo kazi mbili ambazo kila mwenye tangi hana budi kuzifanya. Tulimpeleka mtoto kliniki, akapewa pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki vya siku kumi. Mama aliendelea kumnyonyesha usiku kucha. Siku ya nne alicheka. Muuguzi alifungua kile kijitabu cha mama na mtoto akatuonyesha kwamba chanjo zake zote zilikuwa zimetimia, pamoja na ile ya virusi vya kuharisha ambayo watoto wa Kenya wamepewa tangu 2014, akasema kwamba bila hiyo huenda tungaliona siku mbaya zaidi. Twawaomba akina mama wadogo mkitunze kijitabu hicho kama mtunzavyo hati ya shamba.

Sasa twafika kwenye habari iliyo ngumu kusemwa mbele ya wazee, nayo ni habari ya magadi.

Nyanya yao huja kutusaidia kila mwezi wa Agosti. Ni mama aliyelea watoto saba kwa jembe, na hakuna hata mmoja kati yetu awezaye kumfundisha kushika mtoto. Siku ya pili baada ya kufika alipika maharagwe na mahindi kwa ajili ya dada mtu, akatia kipande cha magadi ili yaive upesi, kama alivyofanya miaka hamsini. Magadi, wazee wetu, hutoka katika maziwa ya Bonde hili hili, na ndani yake floraidi imo, wakati mwingine nyingi sana. Twaweza kuteka maji ya mvua, tukayachuja na kuyachemsha, kisha kijiko kimoja cha magadi kikairudisha sufurianini floraidi yote tuliyoikimbia.

Tulikaa usiku mmoja tukishauriana nani aseme, na aseme vipi. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe kwamba chakula chake kina madhara. Mtoto wa kuzaa naye, akisema, ataonekana amefundishwa na mwenziwe. Mwishowe tuliona tusiseme habari ya chakula, bali tumwombe shauri. Tulimwambia, "Mama, twataka kujua: ulipokuwa msichana, kabla ya visima vya mashine, mliteka maji wapi?" Akatusimulia mto wa kwao, na ndugu zake wakubwa walioinukia huko, na jinsi wadogo walivyozaliwa baada ya baba yao kuhamia kazi ya shamba penye kisima. Tukamwuliza juu ya meno ya hao wakubwa na ya hao wadogo. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema kwamba wakubwa walikuwa na meno meupe, na kwamba yeye siku zote alidhani ni kwa sababu walikunywa maziwa mengi kuliko wadogo. Tukamweleza yale tuliyojifunza. Kesho yake aliyaloweka maharagwe tangu jioni, akayapika bila magadi, akalalamika kwamba yamemla kuni. Magadi aliyaweka katika kitambaa akaondoka nayo. Ajuaye ayafanyacho huko kwake ni yeye, sisi hatukuuliza.

Habari ya maziwa aliyoitaja haikuwa ya bure kabisa, maana maziwa ya ng'ombe nayo yana floraidi kidogo sana, na mtoto anywaye maziwa hanywi maji mengi. Lakini chai ni jambo jingine. Mmea wa chai huvuta floraidi kutoka udongoni na kuiweka katika majani yake, nasi twapenda kumpa mtoto wa mwaka mmoja chai ya rangi ya matope, iliyopikwa kwa maji ya kisima, pamoja na mkate. Twaona yafaa chai ingoje mpaka mtoto awe mkubwa. Uji wa wimbi na maziwa vitamtosha. Dawa ya meno ni vivyo hivyo: floraidi iliyomo ni kinga njema dhidi ya kutoboka kwa meno, lakini mtoto aliye chini ya miaka mitatu atiwe kiasi cha punje ya mchele tu, na mkubwa wake kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema. Binti yetu huipenda kama peremende. Tumeiweka juu ya kabati.

Mwezi wa Septemba tangi lilipungua, nasi tukanunua chujio la mkaa wa mifupa. Kazi hii imefanywa hapa Nakuru tangu mwisho wa miaka ya 1990, ilipoanzishwa na mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru, na baadaye wataalamu wa Eawag kutoka Uswisi wakashirikiana nao. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru lenye hewa chache, kwa joto la mamia ya digrii, mpaka nyama na mafuta yote yateketee. Kisha husagwa kuwa chembechembe. Maji yakipita polepole katika chembe hizo, floraidi huganda juu yake. Rafiki yetu mmoja Mwislamu alitaka kujua kwanza mifupa hiyo ni ya mnyama gani na alichinjwaje, na hilo ni swali la haki ambalo muuzaji yampasa kulijibu. Wengine huchukia kufikiri tu kwamba maji yamepita katika mifupa. Sisi tuliyaonja: mkaa ukichomwa vizuri maji hayana harufu. Yakinuka, urudisheni. Tulipopeleka maji yaliyochujwa maabara, ile 4.1 ilikuwa imeshuka kuwa 0.4. Lakini chujio si la milele. Chembe hujaa floraidi, na zikijaa maji hupita kama yalivyoingia, bila dalili yoyote ya kuonekana. Kwa hiyo lazima maji yapimwe mara kwa mara, na mkaa ubadilishwe. Mwenye kununua chujio asiulize bei ya ndoo peke yake, aulize na bei ya mkaa wa pili.

Mengine ya mwaka ule tutayapitia upesi. Mvulana alisimama Julai na kutembea Agosti, mbele ya nyanya yake, jambo lililompendeza kuliko zawadi zote. Chanjo ya surua ya kwanza alipata Aprili, ya pili Januari iliyopita. Anasema maneno manane, na sita kati ya hayo ni majina ya chakula. Dada yake alimwuma mara mbili na kumtetea mara nyingi zaidi. Deni tulilokopa katika mfuko wa chama kwa ajili ya tangi tulilimaliza Novemba.

Lililobaki ni habari ya chekechea. Tangu siku ya kwanza tulimpa binti yetu chupa ya maji kutoka nyumbani, na kila jioni chupa ilirudi imejaa. Mwalimu wake, kwa upole, alituambia sababu: watoto wenzake hunywa bombani wakisukumana na kurushiana maji, na huyu peke yake akitoa chupa humwuliza kama ni mgonjwa. Basi naye hukimbia bombani pamoja nao. Hatukumgombeza. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kupewa kazi ya kujitenga na wenzake kwa ajili ya meno atakayoyaona baada ya miaka minne. Tulimwomba mwenye shule ruhusa ya kuyapima maji ya bomba lile, ambalo huletwa na kisima cha jirani, akakubali. Jibu lilikuwa miligramu 3.6. Katika shule hiyo wamo watoto 64, na zaidi ya thelathini ni wa wanachama wa chama hiki. Majina yao mnayajua, maana ni majina yenu.

Mkutano wa kwanza wa wazazi walikuja watu watano. Wa pili walikuja kumi na tisa, baada ya mmoja wa kina baba kusimama na kuonyesha meno yake bila kusema neno. Hapo ndipo tulipoona kwamba nyumba moja haiwezi. Ndani ya ua wetu twaweza kupaka mitungi rangi, lakini mtoto hukua nje ya ua.

Bwana Mwenyekiti, mtaona katika kurasa za hesabu za kijitabu hiki kwamba sehemu kubwa ya fedha zetu mwaka jana, kama kila mwaka, ilikwenda katika mazishi. Hatulaumu. Chama hiki kilimzika baba wa mmoja wetu kwa heshima ambayo hatutaisahau, na hatutaki shilingi hata moja ipunguzwe kwa mfiwa. Twasema tu kwamba hakuna mahali katika hesabu hizo palipoandikwa mtoto aliye chini ya miaka sita. Karo ya sekondari imo, karo ya chuo imo. Mtoto huingia katika vitabu vyetu akiwa na miaka kumi na minne, na wakati huo meno yake yamekwisha kuamuliwa zamani.

Tangu Desemba 1, 2021 Nakuru ni jiji kwa hati, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti yetu. Maji ya jiji hutoka kwa sehemu kubwa katika visima. Bwawa la Itare huko Kuresoi, ambalo lilitarajiwa kutuletea maji ya mito, lilianza kujengwa 2017, na kazi ikasimama mwaka uliofuata. Kudai maji mema kwa serikali ni haki yetu, na tusichoke kuidai. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka ambao kazi ilisimama sasa anaota meno ya mbele.

Ombi la wazazi ni dogo. Paa la chekechea ni meta 120 za mraba. Twaomba mkutano uidhinishe mkopo wa tangi mbili za lita 5,000 kila moja na mifereji yake, pamoja na chujio moja kubwa la mkaa wa mifupa kwa miezi ya jua, ulipwe na wazazi katika mihula sita. Tena twaomba mwanachama yeyote mwenye kisima alete chupa ya maji yake kwa Mwandishi kabla ya mwisho wa mwezi wa Machi, ili zipelekwe maabara pamoja, kwa kuwa kupima chupa nyingi kwa siku moja tumeahidiwa bei nafuu. Chupa ioshwe kwa maji yale yale, wala si kwa sabuni, na jina la mwenye kisima liandikwe juu yake. Jibu atapewa yeye peke yake.

Karatasi ya makisio ya bei tumemkabidhi Mtunza Hazina. Msingi wa tangi wazazi wamekwisha kuuchimba wenyewe Jumamosi mbili zilizopita, nao unangoja mawe. Maswali tutayajibu sasa, na yale ya kitaalamu yatajibiwa na muuguzi wa kliniki, ambaye amekubali kukaa nasi mpaka saa kumi.